Mshubiri wa Juu ya Paa: Kavinya Anavyotuliza Ngozi Zilizochomwa na Miale

“Jeli yako imefuta kazi ya daktari, Mama Mumo. Mistari yote. Jana tumerudishwa nyumbani kama watu waliokwenda kuomba maji ya kunywa.”

Ni saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, kwenye ghorofa ya tatu ya ploti moja, jengo la wapangaji, huko Kariobangi South, Nairobi. Anayesema ni Ruqiya, jirani wa ghorofa ya kwanza na mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla, ambaye sauti yake imezoea kushindana na soko zima. Ameshika kopo dogo jeupe kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

Mbele yake, mlangoni, amesimama Kavinya Munyoki, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, aproni kiunoni, mikono ingali na utelezi wa mshubiri aliokuwa akiumenya. Majirani humwita Mama Mumo, kwa jina la binti yake.

Milango mitatu ya korido imeshafunguka. Wa nne unafunguka polepole, kwa adabu, ili isionekane kwamba kuna mtu anasikiliza. Msimamizi wa ploti, Mbugua, aliyekuwa akipanda kwenda kuangalia tangi la maji, ameamua kwamba tangi linaweza kusubiri.

“Mama Yonis, shusha sauti,” Kavinya anamwambia Ruqiya. “Nani alimpaka?”

“Alijipaka mwenyewe. Kutoka kwa hili kopo lako.”

Ugomvi huu una mzizi. Mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa miale, wahudumu humchora mistari ya kalamu kwenye ngozi ili mashine imlenge mahali pale pale kila siku. Mistari hiyo haifutwi hadi tiba iishe. Batulo, mwenye miaka thelathini na minne, wifi yake Ruqiya, alikuwa amechorwa mistari ya zambarau kifuani. Kati ya siku zake ishirini na tano za kupigwa miale, alikuwa amemaliza kumi na nne. Jumatatu alipovua nguo hospitalini kwa siku ya kumi na tano, hapakuwa na mstari hata mmoja. Akaambiwa arudi Jumatano achorwe upya.

Kitu pekee kigeni kilichokuwa kimepakwa kwenye kifua hicho, kwa hesabu ya Ruqiya, kilikuwa jeli ya Kavinya.

Jumatatu hiyo hiyo jioni, simu ya Kavinya ililia. Alikuwa Sista Mukai, muuguzi wa wadi ya miale, ambaye kwa miaka minne amekuwa akiwaruhusu wagonjwa wake kutumia jeli hiyo. Alisema maneno machache tu: mpaka ijulikane kilichofuta ile mistari, mgonjwa wake yeyote asiuziwe kopo.

“Hakunigombeza,” anasimulia Kavinya. “Angenigombeza ningelala. Sista Mukai akiongea polepole, hapo ndipo unaogopa.”

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Karibu wanunuzi wake wote hutoka kwenye wadi hiyo. Wadi ikimkataa, hana kazi.

Kazi yenyewe ilimfuata, hakuitafuta. Kavinya alizaliwa Mwingi, akaja Nairobi akiwa msichana, akafanya kazi miaka kumi na mitatu katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya mjini. Zamu yake ilikuwa kupiga pasi mashuka. Mwaka wa 2018 alipatikana na saratani ya titi. Alipasuliwa, kisha akapangiwa siku ishirini na tano za miale.

Wiki mbili za kwanza hakuona kitu. Ya tatu ngozi iligeuka nyeusi, ikaanza kuwasha, kisha kuchoma.

“Ilikuwa kama nimelalia pasi niliyosahau kuizima,” anasema. “Na pasi naijua. Tumeishi pamoja.”

Mama yake, kule nyumbani, aliposikia hivyo alifunga majani ya kiluma, mshubiri wa Ukambani, akayatuma kwa basi. Kwao kiluma hutiwa kwenye maji ya kuku wakiumwa, na kinyume na watu wengi, hakijawahi kushukiwa jambo baya. Kavinya alipasua jani moja, akalisugua zima zima kwapani, na ule utomvu wake wa manjano.

“Niliruka. Mumo alikuwa chumba cha pili, akadhani nimeona nyoka. Aliponikuta nimeshika sidiria mkononi, nikizunguka meza, alicheka kwanza ndiyo akauliza.”

Kesho yake Sista Mukai hakucheka. Alimfokea, kisha akamfundisha. Jani la mshubiri lina maji mawili. Kuna ya manjano, chini tu ya ganda, machungu, yanayowasha. Na kuna yale meupe ya katikati, yanayotulia kwenye ngozi kama kitambaa kilicholowa. Akamwambia pia jambo ambalo Kavinya amelirudia mara nyingi kuliko jina lake: kuna wanaopata nafuu na kuna wasioona tofauti yoyote, tafiti zenyewe hazijakubaliana, na hakuna jani linalotibu saratani. Ni la kutuliza tu.

Kumtuliza, lilimtuliza. Alipopona, wanawake aliokuwa akikaa nao kwenye benchi la hospitali walianza kumpigia simu. Chumba cha kufulia hakikumpata tena.

Leo paa la ploti hiyo lina ndoo tisini za rangi zilizotobolewa chini, kila moja na mshubiri wake mnene wa kijivu. Mbugua alizipinga mwanzoni, akisema paa si shamba. Siku hizi huwapeleka wapangaji wapya juu kuziona, akizisifu kana kwamba alizipanda yeye.

Kavinya hukata majani ya nje tu, asubuhi. Huyasimamisha ndani ya beseni, upande uliokatwa ukiangalia chini, mpaka utomvu wote wa manjano udondoke. Hilo huchukua nusu siku na haliharakishwi. Kisha huyaosha, huyamenya kwa kisu chembamba, huyaosha tena, halafu hukata kipande kidogo na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Kikiwa na uchungu, karai zima linarudi majini.

“Wengine wana maabara,” anasema huku akitema kando. “Mimi nina ulimi.”

Baada ya hapo ni blenda aliyoichemshia maji, kitambaa cha kuchujia na makopo yaliyokaushwa juani. Hatii manukato, hatii rangi. Kwa waliokwishamaliza tiba huwa na kopo la pili, la mafuta yaliyolowekwa maua ya kalendula, kwa ngozi iliyobaki kavu. Kila kifuniko kina tarehe, na kopo likifikisha siku saba linamwagwa. Anauza shilingi mia mbili, na wiki nzuri hutoa makopo thelathini. Ukijumlisha na miche anayoiuza Jumamosi kando ya Barabara ya Kangundo, pale Njiru, kodi inalipika na karo ya Mumo chuoni inasogea.

Kopo halitoki bila mahubiri. Jaribu kwanza kwenye mkono, kwa ndani. Usipake kabla ya mashine. Kifua kiende kikiwa kikavu, upake ukirudi. Zunguka mistari, usiikanyage. Na pakichubuka au kutoa maji, funga kopo uende kwa sista.

Ndiyo maana, kwenye korido siku ile ya Jumanne, maneno ya Ruqiya yalimuuma. Alirudi ndani akatoka na kalamu ya zambarau, aina ile ile inayotumika wadini. Akajichora mistari miwili mkononi. Mmoja akaupaka jeli, tena nyingi.

“Tungoje nusu saa,” akasema.

Nusu saa katika ploti ya Kariobangi si muda wa kupotezwa. Mtu alileta kigoda, mwingine akaleta chai. Ikajulikana nani amehama bila kuaga, na binti wa nani ameonekana na mwendesha boda boda wa pale steji. Ruqiya alikataa kuketi, kwa sababu mtu haketi katikati ya ugomvi wake mwenyewe. Dakika ya kumi na tano miguu ilimshinda, akaketi ngazini, akapokea chai, akasema haina sukari.

Muda ulipotimia Kavinya alifuta mkono. Mstari uliopakwa ulikuwa umefifia. Ulikuwepo, lakini umefifia.

“Hiyo ni nusu saa,” Ruqiya akasema. “Je, akijipaka siku tatu?”

Kavinya aliusogeza mkono kwenye mwanga, akaulinganisha mstari huo na wa pili.

“Inawezekana ni kweli,” akasema. “Kama ni jeli yangu, Mama Yonis, nitakwenda mwenyewe nimwambie Sista aniache kabisa. Siwezi kuuza kitu cha kumrudisha mgonjwa nyumbani.”

Hapo ndipo kicheko kiliposikika kutoka ngazi ya chini. Batulo alikuwa akipanda, ameshika ukuta, mtandio begani, akicheka mpaka anasimama kupumzika.

“Wifi,” akasema, “waambie habari za Jumamosi.”

Ruqiya akauliza Jumamosi gani.

“Ya harusi ya Yonis.”

Nyumba ya Ruqiya ilikuwa na harusi ya mwanawe wikendi hiyo, na ploti nzima ilikula. Kwa Wasomali, wanawake wa nyumba hawaendi harusini hivi hivi. Huandaliwa. Huoshwa kwa qasil, unga wa majani ya mkunazi unaotoa povu kama sabuni, ukichanganywa na bizari ya manjano, ukisuguliwa mpaka ngozi ing'ae. Ruqiya aliwaosha wote, wakubwa kwa wadogo, mmoja baada ya mwingine, kama afanyavyo kila harusi.

“Nilimwosha shingo na mabega tu,” Ruqiya akajitetea.

“Uliteremka, wifi.”

Korido ilipasuka kwa kicheko. Mbugua alilazimika kuegemea ukuta. Ruqiya alilitazama lile kopo mkononi kana kwamba ni lenyewe lililomchongea.

Lakini Batulo hakuwa amemaliza.

“Niliyaona maji yakigeuka zambarau kwenye beseni,” akasema, sasa taratibu. “Niliyaona nikanyamaza. Miezi saba kila anayenigusa amevaa glavu. Siku hiyo wifi alinisugua kama wengine, akanigombeza nikae wima. Nilitaka kwenda harusini nikiwa kama wao. Mama Mumo, kosa ni langu. Nisamehe.”

Ruqiya alishuka zile ngazi chache zilizowatenganisha, akamshika wifi yake mkono, akamwambia kwa ukali kwamba angesema tu, wangetafuta njia, wangeosha miguu. Kisha akalitia kopo kwenye mfuko wa dira lake, gauni pana la nyumbani, bila kumtazama mtu yeyote, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake ya kwanza.

“Sasa naweza kwenda kwa tangi?” Mbugua akauliza.

Samahani ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Jumatano Ruqiya alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mafuriko, akampeleka Batulo hospitalini, akamweleza Sista Mukai kila kitu: unga kiasi gani, manjano kiasi gani, alianzia wapi na akaishia wapi. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Mistari ikachorwa upya, na safari hii ikafunikwa plasta nyembamba inayopitisha mwanga.

Kuhusu jeli, Sista alisema Batulo anaweza kuendelea nayo, naye angemtazama ngozi kila siku mpaka ya ishirini na tano. Kuhusu wagonjwa wengine hakusema ndiyo wala la.

Kavinya akabaki akingoja. Alimenya majani ya makopo mawili tu kwa wiki, mengine akayaacha yaendelee kunenepa kwenye ndoo. Simu ikilia alikuwa anaiangalia kabla ya kuigusa.

Ghorofa mbili chini yake, Ruqiya alikuwa amegeuka askari. Alihifadhi kopo kwenye friji nyuma ya maziwa ya ngamia, mahali ambapo hakuna aruhusiwaye kufika. Alimshonea Batulo dira tatu za pamba laini, zisizobana kwapa. Ubani na uunsi vilihamishiwa chumba cha wageni, kwa sababu moshi wake wenye manukato haukupaswa kukaribia kifua kile. Kila jioni, Batulo akijipaka, Ruqiya alisimama mlangoni akihesabu mistari kwa sauti.

“Yeye sasa ananifundisha mimi,” anasema Kavinya akicheka. “Ananiambia, Mama Mumo, huko kwapani umesahau kuuliza kama ni pakavu.”

Na kwa kweli kwapani ndipo palipoleta mtihani. Siku ya ishirini ngozi ya hapo ilifunguka, ikaanza kutoa maji. Batulo alipanda ngazi uso umekunjamana, akaomba apakwe. Kifuani jeli ilikuwa imempoza vizuri sana. Kwa nini isimpoze na huku?

Kavinya anasema alisimama na kopo mkononi. Alijua kwamba Sista angeitazama ngozi hiyo kesho yake, na kwamba jina lake lilikuwa juu ya kifua cha mwanamke huyu. Angepaka kidogo, Batulo angetulia japo kwa saa moja, na wote wangeona kwamba dawa ya Mama Mumo inafika kila mahali.

Akafunga kopo.

“Nilimwambia, mdogo wangu, hapa pamenishinda. Hapa ni pa sista,” anaeleza. “Alilia. Nami nikalia, basi tukalia. Lakini ningepaka ili nionekane najua, halafu kidonda kiingie uchafu, ningeuangalia vipi ule mlango wao?”

Alimwandikia Sista karatasi ndogo, mistari miwili: kwapa limefunguka, sijapaka kitu. Kesho yake Batulo alifungwa bandeji maalumu wadini. Hakukosa siku hata moja. Jumatano ya wiki iliyofuata, siku ya ishirini na tano, alishuka kwenye meza ya mashine akiwa na kifua cheusi kama chungu cha zamani, kizima, na kwapa lililoanza kufunga.

Jumamosi hii, siku ya tatu ya sherehe kwa hesabu ya Ruqiya aliyeanza kusherehekea Alhamisi, nyumba yake imejaa mpaka viatu vimepanga foleni kwenye ngazi. Kuna jamaa kutoka Eastleigh, kuna wanawake wa soko, kuna Mbugua aliyekuja kuangalia kama sinki linavuja na hajaondoka tangu saa tano. Sinia za wali wenye zabibu zimefunikwa kando ya ukuta, na harufu ya mbuzi imeshuka mpaka barabarani. Batulo amekaa katikati ya mkeka akiwa na hina mikononi, akipokea vigelegele kama bibi harusi.

Kavinya yuko jikoni, anakata ndizi za kuliwa na wali. Anapoulizwa mipango yake haachi kisu. Kuna mtu Njiru ana kipande cha ardhi anachokodisha, kina kisima. Pale mshubiri utapandwa chini, mistari minne, na kalendula kando kando. Anataka pia jeli yake ipimwe na kupewa kibali, ili kopo lisiishi kwa kuaminiana tu. Na anataka benchi.

“Benchi la kukaa watu,” anafafanua. “Mgonjwa wa miale hataki tu kupakwa. Anataka kukaa na mtu ambaye pia alichomwa, wacheke. Hayo yote yatawezekana,” anaongeza akipunguza sauti, “kama Sista atasema neno.”

Saa nane kasorobo mwanamke mmoja mwembamba anatokea kwenye ngazi, kitambaa kichwani, bahasha ya hospitali kwapani. Anaitwa Jacklyne, ametoka Pipeline, na amepanda ghorofa isiyo yenyewe kwanza. Anasimama kabla ya kuvifikia viatu, akishangaa watu wote hao, anauliza taratibu kama hapa ndipo kwa Mama Mumo.

Ruqiya anamfikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Umeanza miale? Siku ya ngapi? Mistari ipo? Unaogea nini? Kuna harusi yoyote karibuni kwenu? Jacklyne anajibu moja baada ya jingine: ndiyo, ya tisa, ipo, maji ya vuguvugu, hakuna.

“Na nani amekutuma?”

“Sista Mukai,” anasema Jacklyne. “Ameniambia nimtafute mama wa mshubiri. Akasema nitamjua, ni yule anayejua kukataa. Tuko sita, wengine watakuja Jumatatu.”

Kavinya ametoka na kisu mkononi na ganda la ndizi likining'inia. Anamtazama Jacklyne, anamtazama Ruqiya, kisha anajifuta macho kwa mgongo wa mkono na kuanza kuelekea ngazi, akisema majani yapo, yameshadondosha, atammenyea sasa hivi.

Ruqiya anamziba njia kwa mkono wake wa kupimia vitambaa.

“Majani hayana miguu, Mama Mumo,” anasema, na kumgeukia mgeni. “Vua viatu, Mama. Batulo, msogezee mkeka. Ingia ule.”